Mashindano ya kila mwezi ya wakereza mbao: mwongozo kamili ili yasifie njiani

Kila Januari napata ujumbe wa aina moja: "Fundi, tumeanzisha mashindano kwenye kikundi chetu cha kukereza, tupe mawazo." (Kukereza ni kuchonga kwa patasi mbao inayozungushwa na mashine iitwayo kerezo.) Ikifika Mei watu walewale wananiandikia tena: "Hawaleti kazi." Mwezi wa kwanza meza ilijaa bakuli, vinara na miguu ya viti. Mwezi wa nne kulikuwa na vitu vinne, na vitatu ni vya mtu mmoja.

Wengi hudhani tatizo ni zawadi ndogo. Sikubaliani. Mtu amefunga bakuli lake kwenye khanga, amelipakata kwenye daladala, amesimama saa mbili anasubiri, kisha anasikia "wa kwanza ni Fulani." Anapiga makofi, analifunga tena bakuli lake, anarudi nalo nyumbani bila kujua lilikosa nini. Mara ya pili atavumilia. Mara ya tatu atakuwa na udhuru.

Kikundi chetu kiliua mashindano mara mbili kwa namna hiyo kabla hatujapata mtindo uliokaa. Ninachoandika hapa ni huo mtindo, kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Unafaa kikundi cha watu 8 hadi 40, chenye mafundi wa riziki na watu wanaokereza kwa kupenda tu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usitangaze tarehe kabla hujawa na hivi:

- Meza mbili na kitambaa cha rangi moja, kijivu au nyeusi. Kitambaa cha maua huficha umbo la chombo.
- Taa moja ya kusogezwa, au tochi yenye mwanga mkali.
- Kadi zenye namba 1 hadi 40, mbili kwa kila namba, na karatasi ya gundi ya kufunika majina chini ya vyombo.
- Kalipa ya kupimia unene, rula ya chuma, na mizani ya jikoni.
- Kitambaa cheupe cha pamba, kisafi.
- Daftari gumu la kumbukumbu. Simu itaibiwa au itaanguka chooni, daftari litabaki.
- Karatasi za alama, mbili kwa kila kazi.
- Vikombe vya plastiki na kilo moja ya maharage. Utaona kazi yake hatua ya 6.
- Watu watatu: msajili, msimamizi wa meza, na mwamuzi. Wasiwe mtu mmoja. Hapa ndipo vikundi vingi huanza kukosea: mwenyekiti anasajili, anaamua, anashinda.

## Hatua ya 1: Sheria zikae ukurasa mmoja

Zikizidi ukurasa hazitasomwa, na zisiposomwa utazisimulia kila mwezi huku watu wanabishana. Sheria zetu ni saba:

1. Kazi imekerezwa na mwanachama mwenyewe, kwa mkono wake, tangu gogo au ubao hadi umaliziaji.
2. Imefanywa ndani ya miezi 12 iliyopita na haijawahi kushindanishwa kwetu.
3. Sehemu kubwa ya umbo imetoka kwenye kerezo. Nakshi, rangi na kuchoma kunaruhusiwa, ila hakupewi alama za ziada isipokuwa mada ya mwezi inasema hivyo.
4. Mti ni wa halali.
5. Kila mtu analeta kazi moja tu kwa mada.
6. Kazi inayofika baada ya saa ya kufunga itawekwa mezani itazamwe, lakini haishindani.
7. Mwamuzi hashindani mwezi anaoamua.

Sheria ya nne isichukuliwe kirahisi. Kwa Tanzania Bara, mninga au mpingo usio na nyaraka za TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, unaweza kutaifishwa pamoja na chombo cha usafiri kilichoubeba. Mpingo nao umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo anayetarajia kumuuzia mgeni kazi yake inayosafiri nje aulize taratibu mapema. Sisi tunamwambia mwanachama: uliponunua, omba risiti. Ukiokota tawi la mwembe uliokatwa kwa jirani, tuambie ni la jirani, inatosha.

Sheria ya tano ilitokana na machungu. Fundi mmoja alikuwa analeta vyombo vitano, anachukua nafasi zote tatu, kisha anashangaa kwa nini wenzake wamenuna.

Utajua sheria zimekaa sawa pale mgeni anapozisoma kwa dakika tatu na kuuliza swali moja au asiulize kabisa.

## Hatua ya 2: Gawa madaraja kwa mkono wa mtu, usigawe kwa umri

Vilabu vingi vya Uingereza hutenganisha wanaoanza na waliobobea, na wana sababu. Kijana aliyejifunza miezi mitano akiwekwa meza moja na mtu aliyekereza miguu ya vitanda miaka ishirini, hatajifunza kitu zaidi ya kukata tamaa.

Tumia madaraja mawili mkiwa chini ya 20, matatu mkizidi hapo: wanagenzi, mafundi, na wakongwe. Umri usikudanganye. Tuna mzee wa miaka 66, mhasibu mstaafu, aliyeanza kukereza mwaka jana. Yupo kwa wanagenzi na anafurahi. Tuna kijana wa 22 aliyekulia karakana ya baba yake, naye yupo kwa mafundi.

Weka kanuni ya kupanda: ukishinda mara tatu katika daraja lako, mwaka ujao unapanda, utake usitake. Bila kanuni hii mtu atabaki chini akivuna zawadi ndogo ndogo kama mwanafunzi aliyerudia darasa ili awe wa kwanza. Kushuka kunaruhusiwa kwa ombi, kimyakimya, kati yake na msajili.

Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaisemi, nayo ni ya mashine. Mmoja ana kerezo la chuma la dukani lenye taya za kushikia na kasi tano. Mwingine amelitengeneza mwenyewe kwa mota ya pampu ya maji na fremu ya mbao. Usianzishe daraja la "mashine duni", ni kumdhalilisha mtu. Panga mada ambazo mashine yoyote inaziweza, na zile zinazohitaji mashine kubwa zisizidi mbili kwa mwaka.

## Hatua ya 3: Toa kalenda ya mwaka mzima

Kikundi kinachotangaza mada wiki mbili kabla kinawaomba watu walete kazi za mbao mbichi. Mbao haijui tarehe yako.

Chukua bakuli la sentimita 20. Fundi analikereza kwanza likiwa bichi, anaacha ukuta mnene kiasi cha sehemu ya kumi ya kipenyo, yaani sentimita 2. Analipaka nta au rangi upande wa vichwa vya mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa kwa kukingama, analiacha kivulini. Kila wiki analipima kwa mizani na kuandika uzito. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili tatu mfululizo, bakuli limekauka kwa hewa ya pale alipo, na sasa anaweza kulikereza mara ya pili kwa umbo la mwisho. Hiyo ni miezi. Ukimpa wiki mbili ataleta bakuli ambalo siku ya mashindano ni duara na wiki inayofuata ni yai lenye ufa.

Kwa hiyo mada zote zitoke Desemba. Sisi tunaendesha raundi 10: tunaruka mwezi wa Ramadhani na Desemba. Kumbuka Ramadhani husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kalenda hii ya kawaida, usinakili ratiba ya mwaka uliopita. Januari weka mada ya bei ndogo kabisa, maana ni mwezi wa ada za shule.

Pishanisha kazi ndefu zinazokerezwa zikiwa zimebanwa kati ya vichwa viwili vya kerezo na kazi za kuchimba ndani. Baadhi ya mada zilizotuendea vizuri:

- Kifimbo cha chapati. Urefu sentimita 40, kipenyo sentimita 4. Inaonekana rahisi mpaka uweke rula juu yake uone mwanga unapita chini.
- Pia ya mtoto. Yeyote anaweza, mbao ni kipande cha kutupwa, na mwisho zinazungushwa mezani kwa saa. Inayozunguka muda mrefu inapata nyongeza. Huo ndio mwezi ambao wanachama huja na watoto wao.
- Kinu kidogo cha kitunguu saumu na mchi wake.
- Jozi ya miguu ya kitanda. Nitairudia, inastahili.
- Kibweta chenye mfuniko.
- Mwezi wa gogo moja. Kikundi kinanunua gogo la mwembe, linapasuliwa mbele ya wote, kila mtu anaondoka na kipande chake kwa kura. Mwembe ni rahisi kupatikana na unakerezeka, ila ukiuacha nje huingiwa haraka na madoa na wadudu, basi vichwa vyake vipakwe nta siku hiyohiyo.

Mwezi wa gogo moja ndio niupendao kuliko yote. Mpingo unang'aa hata ukikerezwa na mlevi. Mkononi ni mzito, mweusi tii, na mwamuzi asiye mwangalifu humpa alama Mungu aliyeumba mti badala ya fundi. Wote wakiwa na mwembe uleule, kinachobaki ni mkono.

## Hatua ya 4: Tangazo liwe na mchoro

Wiki sita kabla ya kila raundi tuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. "Leteni kinara kizuri" halitoshi kuwa tangazo. Andika hivi:

> *Mada ya Julai: kinara cha mshumaa mmoja. Urefu: sm 15 hadi 25. Tundu la mshumaa: mm 22, lenye kikombe cha chuma au bati ndani. Kitako: kisiyumbe juu ya kioo. Mti wowote wa halali. Kupokea kazi: Jumamosi ya pili, saa 8:00 hadi 8:45 mchana. Tukifunga tumefunga.*

Bandika na picha ya mchoro wa mkono, wenye vipimo. Usibandike picha ya kinara kilichokamilika. Ukifanya hivyo utaletewa nakala kumi na mbili za picha hiyo.

Hilo la kikombe cha bati si urembo. Mshumaa uliosahaulika hushuka ukachoma mbao. Mada yenye hatari ndani yake ielezwe hatari hiyo kwenye tangazo lenyewe.

## Hatua ya 5: Kupokea kazi bila majina

Mtu akifika, msajili anaandika jina na daraja daftarini, anampa kadi mbili za namba ileile. Moja inakaa na chombo, nyingine mfukoni kwa mwenyewe. Jina au alama iliyochongwa kitakoni inafunikwa kwa karatasi ya gundi. Msimamizi wa meza ndiye anayekipeleka chombo mezani, asikipeleke mwenye chombo.

Utasema, "Lakini tunajuana mikono." Kweli. Mwaka mzima mkikaa pamoja utamjua mtu kwa namna anavyokunja ukingo wa bakuli. Namba haziondoi upendeleo wote. Zinaondoa ule wa waziwazi, na zinamwezesha mwamuzi kusema bila kumtazama mtu machoni. Kwa heshima zetu, hilo ni jambo kubwa kuliko inavyoonekana, nitaeleza kwa nini.

Onyo moja: andika hali ya chombo kinapoingia. "Namba 9, ufa mdogo ukingoni." Bila hivyo siku moja utaambiwa mlipokipokea kilikuwa kizima.

## Hatua ya 6: Kuamua

Tafuta mwamuzi wa nje walau kila raundi ya pili: seremala wa mtaa mwingine, mwalimu wa chuo cha ufundi, mwenye duka la samani. Anayekuja asipewe bahasha. Mpe nauli, chai, na heshima ya kukaa mbele.

Karatasi yetu ya alama ina jumla ya 100:

- Umbo: 30
- Kazi ya patasi na msasa: 30
- Umaliziaji: 15
- Matumizi: 15
- Kufuata vipimo vya mada: 10

Vipimo tumevipa 10 tu kwa makusudi. Aliyekosea milimita tatu asipoteze raundi nzima, lakini asimpite aliyefuata mchoro wakiwa wamelingana kwingine. Sare ikitokea, angalia nani ana alama nyingi za umbo.

Sasa namna ya kukikagua chombo, kwa mpangilio, maana waamuzi wengi hutazama tu.

Kwanza simama mbali. Hatua tatu kutoka mezani, usiguse. Umbo huonekana ukiwa mbali. Fuata mstari wa nje kwa jicho kuanzia kitako hadi ukingo: unatiririka, au una kituo katikati ambapo fundi alisita akabadili patasi? Bakuli zito chini linaonekana kama limechuchumaa. Kitako kipana kuliko nusu ya kipenyo huwa ni dalili kwamba fundi aliogopa kulikomboa bakuli kutoka kwenye mashine. Pana wakati mwingine ni sawa, kwa chano kwa mfano. Ila awe ameamua mwenyewe, isiwe woga ndio umemwamulia.

Kisha lishike, funga macho. Kidole gumba ndani, vidole vinne nje, pandisha kutoka chini kwenda juu. Ukuta unabadilika polepole, au unavimba na kunywea? Mahali panapodanganya ni pale ukuta unapokutana na sakafu ya bakuli. Wengi huacha kinundu pale, au shimo.

Tatu, tochi ya ubavuni. Laza mwanga sambamba na mbao. Nyuzi zilizong'oka zitajitokeza, hasa pande mbili ambapo patasi ilikata kinyume na nyuzi. Mikwaruzo ya duara inayozunguka chombo inamaanisha fundi aliruka namba za msasa (namba ndogo ndiyo yenye kukwaruza zaidi): alitoka 80 akarukia 240, na mikwaruzo ya 80 imebaki chini ya vanishi kama makovu. Angepita 120 na 180 ingeisha.

Nne, kipindue. Kitako ndipo uvivu unapojificha. Alama za skrubu, gundi iliyokauka, msasa ulioishia njiani. Mwanagenzi asikatwe alama nyingi hapa, mkongwe akatwe bila huruma.

Tano, kitumie. Kinara kiwekwe mshumaa. Kinu kitwange. Mfuniko wa kibweta ufunguliwe kwa mkono mmoja na kwa mikono miwili: je, umebana kiasi cha kuinua kibweta chote, au umelegea ukalia? Uwe na uvumilivu kidogo hapa. Mfuniko uliokaa sawasawa kwenye unyevu wa Tanga unaweza kukwama au kucheza ukifika Dodoma, mbao inavuta na kutoa unyevu maisha yake yote. Chombo cha chakula kipanguse kwa kitambaa cheupe chenye matone ya maji. Kitambaa kikitoka na rangi, au chombo kikinata, umaliziaji haujakauka au haufai kwa chakula.

Waamuzi wakiwa wawili, kila mmoja aandike karatasi yake bila kusemezana. Wakipishana kwa zaidi ya alama 10 kwenye kazi moja, warudi kwenye kazi hiyo pamoja. Mara nyingi utakuta mmoja hakugeuza kitako.

### Na maharage?

Wanachama nao wana haki ya kuchagua. Kila mmoja anapewa maharage matatu. Mbele ya kila chombo kuna kikombe kilichofunikwa chenye tundu. Anapita, anatumbukiza anapopenda, anaweza kuyatia yote matatu kikombe kimoja. Asikipigie kura cha kwake.

Zawadi ya maharage iwe mbali kabisa na matokeo ya mwamuzi, wala isiingie kwenye pointi za ligi ya mwaka (hatua ya 8). Kura ya watu huenda kwa chombo kikubwa, kinachong'aa, au cha mtu anayependwa. Hakuna ubaya, ilimradi isijifanye ni uamuzi wa ufundi. Siku mwamuzi na maharage vikikubaliana, ukumbi unalipuka.

## Hatua ya 7: Kusema. Usiiruke hii

Hapa ndipo mashindano yanapofufuka au kufa.

Baada ya alama kuandikwa na kabla majina hayajafunguliwa, mwamuzi anachukua chombo kimoja kimoja, anakiinua, anakisemea dakika mbili. Kilichofanyika vizuri kitajwe, ni kipi na kiko wapi. Kasoro itajwe moja tu, ile kubwa. Kisha namna ya kuirekebisha. Vyote visemewe, cha mwisho kama cha kwanza.

Kwa nini kabla ya majina? Kwa sababu kwetu kijana hawezi kusimama mbele ya mzee aliyempa shikamoo mlangoni akamwambia "bakuli lako limechuchumaa." Atamumunya maneno, atasifu, na mzee ataondoka mikono mitupu. Namba inampa kijana sauti na inampa mzee faragha. Mwenye chombo ananyamaza, hakuna anayejua ni chake, anasikia ukweli bila kuaibika. Tumewahi kuwa na mkongwe aliyekaa mstari wa nyuma akitikisa kichwa kukubali kila kosa la namba 6. Majina yalipofunguliwa tukakuta namba 6 ni yake. Akasema, "Nimekubali, mlinipata kitakoni," na kikao kizima kikacheka naye.

Lugha ya mwamuzi iwe juu ya chombo. "Ukuta huu umebaki mnene chini" inajenga. "Huyu hajui kuchimba" inavunja. Tena atoe dawa inayoshikika. Akisema "ongeza bidii" hajasaidia mtu. Aseme: "Hapa nyuzi zimeng'oka. Noa patasi upya kabla ya mkato wa mwisho, punguza mkato uwe mwembamba kama ganda la kitunguu, kisha msasa uanze 120." Mtu anaondoka na kazi ya kufanya.

Msajili aandike sentimita... hapana, aandike *sentensi* moja ya kila namba daftarini. Nimeandika hivyo makusudi, maana nimewaona wasajili wanaoandika vipimo na kusahau maneno. Baada ya mwaka mtu atafungua daftari aone Februari aliambiwa kuhusu kitako, Aprili kitako, Agosti hakuna aliyetaja kitako chake.

Dalili ya mafanikio: kikao kimeisha, lakini watu hawajaondoka. Wamejikusanya mezani, wanageuza vyombo vya wenzao, wanauliza "hapa ulitumia patasi gani?"

## Hatua ya 8: Pointi za ligi

Kila daraja na ligi yake. Wa kwanza 5, wa pili 3, wa tatu 2, na kila aliyeleta kazi bila kupata nafasi 1. Zihesabiwe raundi 8 bora kati ya 10, ili aliyeugua au kufiwa asitoke kwenye mbio.

Angalia inavyofanya kazi. Fundi A anashinda raundi tatu za mwanzo, anapata 15, anaridhika, haji tena. Fundi B hajashinda hata mara moja: wa pili mara tatu (9), wa tatu mara tatu (6), na mara mbili ameleta tu (2). Ana 17. Kombe la mwaka ni la B. Kutakuwa na manung'uniko, acha yawepo. Ligi inalipa anayekuja.

Bandika msimamo kila mwezi, kwenye kundi na ukutani.

## Hatua ya 9: Pesa na zawadi

Kiingilio kiwe kidogo, sisi ni shilingi 1,000 kwa kazi. Usitoe zawadi ya fedha taslimu. Fedha huleta watu wasiokereza, halafu huleta ugomvi. Toa kinachorudi kwenye mashine: msasa wa namba kamili kuanzia 80 hadi 400, kopo la nta, kipande kikavu cha mninga, jiwe la kunolea. Patasi nzuri iwekwe kwa washindi wa ligi mwisho wa mwaka.

Hesabu isomwe kila raundi mbele ya watu, hata kama ni shilingi elfu kumi na nne.

## Hatua ya 10: Raundi ya mashine, mara moja kwa mwaka

Hii ni ile ya kukereza palepale, watu wanatazama. Inavutia, na ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu mtu anayetazamwa huharakisha.

Mada yetu ni moja siku zote: kuiga mguu. Mguu mmoja wa mfano unawekwa mezani, urefu sentimita 40. Mshindani anapewa mbao mbili na dakika 90, akereze jozi. Mwisho kalipa inapita sehemu tano zilezile kwenye kila mguu. Kila milimita ya tofauti inakata alama 2. Hapa hakuna ubishi wala jicho la mtu. Ni mtihani wa soko pia: mteja wa kitanda hataki miguu minne mizuri, anataka miguu minne inayofanana.

Usishindanishe kasi. Anayemaliza mapema hapati kitu zaidi ya muda wa kunywa maji.

Kabla mota haijawashwa, msimamizi akague kila mshindani:

- Ngao ya uso imeshushwa. Miwani peke yake haitoshi.
- Mikono ya shati imekunjwa au imebana, hakuna saa, bangili, mkufu, wala glavu. Mtandio na nywele vifungwe nyuma.
- Mbao imezungushwa kwa mkono duara kamili na haigusi egemeo la patasi.
- Mbao haina ufa wala fundo lililolegea.
- Kasi imepimwa. Kwa kazi pana kama bakuli, chukua kipenyo (cha inchi) ukizidishe kwa idadi ya mizunguko ya dakika moja, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kipande cha inchi 6 kinapata mizunguko 1,000 hadi 1,500, cha inchi 12 kinapata 500 hadi 750. Mbao isiyo duara bado ianze chini ya hapo.
- Watazamaji wasisimame kwenye mstari wa mzunguko wa mbao. Ikipasuka, hurukia huko. Weka kamba pembeni, na mtu mmoja kazi yake iwe watoto tu.

Mpingo usitumike kwenye raundi hii. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu, na ukumbini huwezi kujua nani ana pumu.

Swichi ya kuzima iwe mahali ambapo msimamizi naye anaifikia. Kama umeme wenu hukatika katika, kanuni ni moja: ukikatika, kila mtu anazima swichi yake na kuondoa mkono. Tulichelewa kuiandika hiyo. Umeme ulirudi ghafla siku moja, kerezo likaanza kuzunguka huku mshindani ameshika kalipa juu ya mguu. Kalipa ilirukia darini. Yeye alipona.

## Yakianza kulegea

Kazi zinapungua: angalia daftari ujue ni daraja gani limepungua. Wakipungua wanagenzi, mada zenu ni ngumu au mwamuzi ni mkali. Wakipungua wakongwe, wape kazi nyingine: waamue daraja la chini, waoneshe mkato dakika kumi kabla ya kikao.

Mtu mmoja anashinda kila mara: mpandishe daraja. Kama yupo juu tayari, mwombe awe mwamuzi raundi tatu mfululizo. Wengi hukubali kwa furaha.

Kuna tuhuma kwamba kazi si ya mwenyewe: usimuulize hadharani. Mwite siku ya kawaida ya karakana, mwambie, "Ndugu, mkato ule wa ukingo umetuvutia, hebu tuoneshe." Ataonesha, au mwezi ujao atakuwa na safari.